Matoleo Yaliyobaki: Historia Fupi ya Rantaimu katika Kompyuta ya Nyumbani

Utangulizi

Katika likizo ya mwaka wangu wa kwanza chuoni nilirudi nyumbani Nyamirambo nikiwa na hamu ya kuonekana mtaalamu. Kompyuta ya nyumbani, ambayo ilikuwa imetumika ofisini kabla ya kutufikia, ilikuwa imejaa na inakwenda polepole. Nikafungua orodha ya programu zilizosakinishwa. Humo nikakuta mistari mingi ambayo hakuna mtu wa nyumbani aliyeijua: Microsoft Visual C++ ya 2005, ya 2008, ya 2010, ya 2012, ya 2013, nyingine zikijirudia mara mbili mbili, na chini yake Java za namna tatu. Nikajiambia kwamba toleo jipya lazima limeyameza ya zamani. Katika kila jina nikabakisha la karibuni, mengine yote nikayafuta. Nafasi niliyoipata haikutosha hata filamu moja.

Siku mbili baadaye Mama, anayeuza vitenge, alitaka kuona orodha ya wadeni wake. Idi ilikuwa inakaribia na wateja wengi walikuwa wamechukua nguo kwa mkopo. Programu yake ya hesabu, iliyoandikwa miaka mingi nyuma na kijana ambaye amekwisha hama mjini, ilikataa kufunguka. Madeni ya miaka mitatu yalikuwa ndani yake. Mama hakunigombeza. Alisema tu, "Mwanangu, umenifungia mlango halafu umetupa ufunguo."

Insha hii ilianzia kwenye aibu hiyo. Swali lake ni dogo: kompyuta ya nyumbani inahitaji matoleo yapi ya rantaimu? Nilipolitafutia jibu niligundua kwamba ni swali la historia kuliko la ufundi. Jibu limebadilika kutoka zama hadi zama, na halifanani kwa Java, kwa .NET na kwa Visual C++, kwa sababu kila mojawapo ina historia yake. Hoja yangu ni kwamba ile orodha niliyoifuta ilikuwa kumbukumbu ya maamuzi yaliyofanywa na watu wengine, mbali na Kigali, kwa muda wa zaidi ya miaka thelathini, na kwamba asiyeijua historia hiyo ataondoa kinachohitajika na kubakisha kilicho hatari.

Rantaimu ni nini?

Kwanza tuelewane juu ya neno. Rantaimu ni programu ambayo haifanyi kazi yoyote inayoonekana na mtumiaji. Huifungui, huandiki ndani yake, haina kitufe. Kazi yake ni kuzibeba programu nyingine. Mwandishi wa programu ya hesabu haandiki upya namna ya kuchora dirisha, kusoma faili au kujumlisha tarehe. Anatumia sehemu zilizokwisha kuandikwa na watengenezaji wa lugha yake. Sehemu hizo zikikosekana kwenye kompyuta ya mnunuzi, programu haifunguki, hata kama yenyewe ni nzima. Ni kama chakula kilichopikwa kikiwa tayari na sahani hakuna.

Wazo la sehemu za pamoja lina sababu ya kiuchumi. Windows ya kwanza ilitoka mwaka 1985, wakati diski na kumbukumbu zilikuwa ndogo na ghali. Badala ya kila programu kubeba nakala yake, ilikuwa busara kuweka nakala moja kwenye kompyuta, yaani faili za DLL, na programu zote zikaitumia. Kila tatizo nitakalolieleza hapa lilizaliwa na busara hiyo.

Zama za kwanza: faili moja, mabwana wengi

Mwaka 1991 Microsoft ilitoa Visual Basic, lugha iliyowawezesha watu wasio wahandisi kutengeneza programu za Windows. Programu hizo zilihitaji faili iitwayo VBRUN100.DLL, toleo la tatu, la mwaka 1993, lilihitaji VBRUN300.DLL. Aliyepewa programu kwenye disketi bila faili hiyo alikuwa amepewa kopo bila kifunguo.

Tatizo kubwa zaidi lilitokea pale programu mbili zilipohitaji faili yenye jina lilelile lakini ya matoleo tofauti. Unasakinisha programu ya leo, inaandika faili yake juu ya ile iliyokuwapo, na programu ya jana inakufa. Watengenezaji wa programu waliita hali hiyo jehanamu ya DLL. Katika zama hizo mwenye kompyuta hakuulizwa lolote. Uamuzi ulifanywa na kisakinishi cha mwisho kupita.

Microsoft ilijibu kwa hatua mbili. Windows 2000 ililinda faili za mfumo zisibadilishwe ovyo. Kisha Windows XP, mwaka 2001, ilileta utaratibu wa kuweka matoleo ubavu kwa ubavu: faili zenye jina moja zinakaa pamoja, kila moja na namba yake, na kila programu inaita ile iliyotengenezewa. Huu ndio mwanzo wa ile mistari mingi ya Visual C++ niliyoiona nyumbani. Visual C++ 2005 na 2008 zilitumia utaratibu huo. Mimi niliiona mistari hiyo kuwa uchafu, kumbe ilikuwa ndiyo dawa ya ugonjwa wa miaka ya 1990.

Zama za pili: Java na ahadi yake

Mwaka 1995 kampuni ya Sun Microsystems ya California ilitangaza Java, lugha iliyobuniwa na kundi la James Gosling. Ahadi yake ilikuwa kwamba programu itaandikwa mara moja na kuendeshwa popote, iwe Windows, Macintosh au Unix, mradi kila kompyuta ina rantaimu ya Java. Toleo la kwanza lilitolewa Januari 1996.

Microsoft ilitengeneza Java yake yenyewe, nayo haikulingana kikamilifu na ya Sun. Oktoba 1997 Sun ikaishtaki, na Januari 2001 pande hizo zikapatana kwa Microsoft kulipa dola milioni 20. Windows XP ilipotoka mwaka huo, haikuja na Java katika usakinishaji wake wa kawaida. Ugomvi wa mahakamani Marekani ukawa kazi ya mtu aliyeketi mbele ya kompyuta Kigali: Java akaitafute mwenyewe.

Historia hii ina jambo jingine ambalo ni zito zaidi. Java ilipopata toleo jipya, la zamani halikuondoka. Java 6 ilitoka Desemba 2006, Java 7 Julai 2011, Java 8 Machi 2014, na kompyuta nyingi zilirundika zote. Tofauti na Visual C++, rantaimu hii iliingia pia ndani ya kivinjari, mahali ambapo ukurasa wowote wa mgeni uliweza kuiita. Januari 2013 kasoro iliyogunduliwa katika Java 7 ilikuwa mbaya kiasi kwamba Wizara ya Usalama wa Ndani ya Marekani iliwashauri watu wazime Java katika vivinjari vyao. Desemba 2015 Tume ya Biashara ya Marekani ilitangaza mapatano na Oracle, iliyoinunua Sun mwaka 2010. Tume ilidai kwamba wateja waliambiwa kuwa wakisasisha Java watakuwa salama, ilhali usasishaji haukuondoa matoleo yote ya zamani yaliyokuwa na matundu. Kwa maelezo ya tume, Java ilikuwa katika kompyuta zaidi ya milioni 850.

Kwa hiyo hapa jibu linageuka. Katika Visual C++ toleo la zamani ni mlinzi wa programu ya zamani. Katika Java, toleo la zamani lilikuwa mlango wa nyuma ulioachwa wazi.

Kigali katika historia hii

Mpaka hapa nimezungumzia California na Washington. Je, historia hii ilifikaje kwetu?

Baada ya mauaji ya kimbari dhidi ya Watutsi ya mwaka 1994, Rwanda ilianza upya karibu katika kila kitu. Taasisi ya Sayansi na Teknolojia ya Kigali, KIST, ilifunguliwa mwaka 1997. Dira ya 2020 iliiweka teknolojia ya habari katikati ya mipango ya nchi, na mpango wa kwanza wa taifa wa teknolojia hiyo ulihusu miaka ya 2001 hadi 2005. Lakini nchi haina bahari, na kabla ya nyaya za chini ya bahari kufika pwani yetu ya Afrika Mashariki, intaneti ilitegemea setilaiti. Waya wa SEACOM ulianza kazi Julai 2009, TEAMS ukafika Mombasa mwaka huohuo, na EASSy ukafuata mwaka 2010. Rwanda nayo ilitandaza zaidi ya kilomita 2,000 za nyaya za mkonga ndani ya nchi. Huduma ya 4G ilizinduliwa Novemba 2014.

Sasa ziweke tarehe hizo kando ya tarehe za .NET, rantaimu ambayo Microsoft ilianza kuitoa mwaka 2002. Toleo la 2.0 lilitoka 2005, la 3.0 mwaka 2006, la 3.5 Novemba 2007. Windows Vista ilikuja na 3.0 ndani yake, na Windows 7 ya mwaka 2009 ilikuja na 3.5. Lakini mwenye Windows XP aliyepata programu inayodai .NET 3.5 alilazimika kuitafuta, na furushi kamili la toleo hilo lililorekebishwa lilizidi megabaiti 200. Kulikuwa na kisakinishi kidogo kilichovuta sehemu zinazohitajika tu, ila kilitaka muunganisho usiokatika. Ninaposoma maelekezo ya miaka hiyo yanayomwambia mtumiaji "pakua toleo jipya zaidi", naona kwamba mwandishi wake hakuwahi kulipia intaneti kwa dakika. Kwa aliyekuwa hapa kabla ya 2009, swali la toleo gani linahitajika lilikuwa swali la fedha. Kupakua matoleo yote kwa tahadhari hakukuwezekana, ilibidi ujue.

Kuna kompyuta ambazo hazikuwa na swali hili kabisa. Rwanda ilijiunga na mradi wa kompyuta moja kwa kila mtoto mwaka 2007, na katika miaka iliyofuata kompyuta ndogo za XO zaidi ya 200,000 zilifika katika shule za msingi. Mazingira yake, Sugar, yaliandikwa kwa Python na kukaa juu ya Linux. Mtoto hakuchagua Python ya toleo lipi; ilikuja moja na ilitosha. XO ya kwanza ilikuwa na hifadhi ya gigabaiti 1 tu, basi hata nafasi ya kurundika matoleo haikuwapo. Lakini urahisi huo nao ulikuwa na bei. Python 3 ilitoka Desemba 2008, na programu za Python 2 kwa kawaida hazikuendeshwa juu yake bila kurekebishwa. Python 2 ilikoma kuhudumiwa tarehe 1 Januari 2020. Anayeamuliwa na wengine hana kazi ya kuchagua, lakini anapoachwa nyuma, huachwa na vyote alivyokuwa navyo.

Mfano wa bara letu unaoonyesha hatari hiyo vizuri zaidi unatoka Afrika Kusini. Flash ya Adobe, iliyobeba fomu na michezo mingi ya mtandaoni, ilikoma tarehe 31 Desemba 2020, na kuanzia tarehe 12 Januari 2021 Adobe ilizuia maudhui yake yasiendeshwe. Mamlaka ya kodi ya Afrika Kusini bado ilikuwa na fomu zilizotegemea Flash. Mwezi huohuo ikatoa kivinjari chake maalumu ili walipa kodi waweze kuzijaza. Tangazo la kukoma kwa Flash lilikuwa limetolewa tangu mwaka 2017. Kama taasisi kubwa yenye wataalamu inaweza kukutwa hivyo, mwenye duka la vitenge naye asilaumiwe.

Kila ukoo na sheria yake

Kutokana na historia hii, swali letu halina jibu moja. Lina majibu kwa kila ukoo wa rantaimu.

Kwa Visual C++, matoleo ya 2005, 2008, 2010, 2012 na 2013 yanajitegemea. Jipya halichukui nafasi ya la zamani. Kuanzia la 2015 mambo yalibadilika: la 2015, 2017, 2019 na 2022 yanashiriki msingi mmoja, na la karibuni linazibeba programu za yote manne. Zaidi ya hayo, katika Windows ya biti 64, programu ya biti 32 inahitaji rantaimu ya biti 32. Ndiyo sababu mistari ilijirudia mara mbili mbili.

Kwa .NET Framework, 3.5 ina 2.0 na 3.0 ndani yake. Matoleo ya 4 ni tofauti: 4.5, 4.6, 4.7 na 4.8 kila moja huketi mahali pa lililotangulia, hivyo kompyuta huwa na moja tu kati yao. Lakini 4.8 haibebi kazi ya 3.5, na hizo mbili zinaweza kuhitajika pamoja. Kisha kuna .NET mpya, iliyoanza na Core mwaka 2016 na kuitwa .NET 5 mwaka 2020, ambayo hutolewa kila mwaka, na kila namba kubwa hukaa peke yake.

Kwa Java, nyumba nyingi leo hazihitaji yoyote. Vivinjari vimeacha kuiendesha, na programu nyingi zinazoihitaji hubeba nakala yao zenyewe. Mwenye programu inayoidai na abakishe moja, ya toleo linalodaiwa, iliyosasishwa.

Kinachoyaunganisha majibu haya ni mbinu. Kosa langu lilikuwa kuuliza, "Lipi ni jipya zaidi?" Swali la mwanahistoria mbele ya hati ni jingine: "Nani aliihitaji, na kwa kazi gani?" Tuanze na programu tunazozitumia, kisha turudi nyuma hadi kwenye rantaimu zinazozibeba. Isiyoitwa na programu yoyote iondoke, hasa ikiwa ni ya namna inayofikiwa kupitia intaneti. Inayoitwa ibaki, hata kama mwaka wake unachekesha.

Wapo watakaopinga wakisema kwamba kubakisha ya zamani ni kubakisha hatari, na kwamba programu isiyosasishwa inapaswa kuachwa. Hoja hiyo ina nguvu. Windows 10 yenyewe ilikoma kupata huduma ya kawaida tarehe 14 Oktoba 2025, na kompyuta nyingi za nyumbani zitabaki nayo. Lakini hoja hiyo inachukulia kwamba kila programu ya zamani ina mrithi anayeweza kuzisoma data zake. Programu ya Mama haina. Usiache mbachao kwa msala upitao, walisema wahenga, ingawa ni kweli pia kwamba mbacha nao huchakaa. Jibu la haki ni kubakisha rantaimu ya zamani kwa muda, huku tukizihamisha data zilizo ndani.

Hitimisho

Programu ya Mama ilirudi. Windows huandika matukio yake katika daftari la ndani ambalo wachache hulifungua. Nilipolisoma nilikuta mstari unaosema kwamba kilichokosekana ni Microsoft.VC90.CRT, cha x86. Kwa asiyejua historia hayo ni makelele. Kwa anayejua, 90 ni toleo la 9.0, yaani Visual C++ 2008, na x86 ni biti 32. Rantaimu hiyo ina megabaiti chache tu. Niliisakinisha, programu ikafunguka, na majina ya wadeni yakatokea, madeni yao yakiwa kamili kama yalivyoachwa.

Java zote tatu sikuzirudisha. Nilitafuta programu inayoziita, sikuiona. Kwa hiyo siku ile nilikuwa nimekosea nusu na kupatia nusu, ila nusu niliyopatia niliipatia kwa bahati.

Jioni hiyo Mama alinikalisha chini. Yeye akawa anasoma majina kwenye skrini, mimi nikayaandika katika jedwali la kawaida, kisha tukalichapisha na kuliweka katika daftari la karatasi. Tulimaliza baada ya saa nne usiku. Sisi tunaoandika Kiswahili nchini Rwanda, ambako lugha hii iliidhinishwa kuwa lugha rasmi mwaka 2017, tunapenda kuuliza istilahi gani itumike kwa kitu hiki au kile. Swali hilo ni zuri. Lakini neno "rantaimu" likikosa tafsiri bado tutaelewana, ila daftari la madeni likikosa wa kulifungua, kuna mtu atakosa fedha ya Idi.